Yupo, Lakini Anafanya Nini?

Katika kazi ya ualimu mkuu kuna maswali mawili ambayo lazima yaulizwe kila siku ya masomo. La kwanza ni: nani yupo? La pili ni: anafanya nini? Swali la kwanza hujibiwa na daftari la mahudhurio, nalo si gumu. Swali la pili ndilo linalomnyima mwalimu usingizi. Mtoto aweza kuitika jina lake asubuhi, akakaa kwenye dawati hadi kengele ya mwisho, na siku nzima asifanye lolote. Na mwingine, ambaye jina lake mwalimu hajalishika vizuri, kumbe ndiye anayewaelekeza wenzake hesabu chini ya mwembe wakati wa mapumziko.

Mimi nimestaafu, lakini maswali hayo hayakustaafu pamoja nami. Siku hizi nayauliza juu ya wakazi wengine wa hapa Makuyuni, ambao ni wengi kuliko sisi, walitutangulia hapa, na watabaki baada yetu. Nasema juu ya vijidudu: vile vya udongoni, vya majini, vya jalalani na vya chooni, visivyoonekana ila kwa hadubini. Gramu moja ya udongo mzuri wa shamba yaweza kuwa na bakteria wapatao bilioni moja. Wapo wataalamu duniani ambao kazi yao yote ni kuviuliza vijidudu hivyo maswali yale yale mawili ya mwalimu mkuu. Na kama nitakavyoeleza, majibu yao yanatuhusu sana sisi tunaoishi kando ya mashamba ya mkonge.

Wengi tunasikia neno "vijidudu" tukafikiria kuhara, kidonda na sindano. Hilo si kosa, maana ndivyo tulivyofundishwa, na sisi tukawafundisha wengine. Lakini vile vinavyoleta maradhi ni vichache sana katika jumla yake. Vilivyo vingi vinashughulika na mambo yao, na katika kushughulika huko ndiko kunakotufanya sisi tuishi.

Chukua mfano wa kunde. Baada ya mwaka 1967, ilipotangazwa Elimu ya Kujitegemea, kila shule ilipaswa kuwa na shamba, nasi tuliotoka vyuo vya ualimu katika miaka iliyofuata tulikuta majembe yanatungoja. Katika shamba la shule nilizoea kuwaambia watoto wang'oe shina la kunde taratibu, wakung'ute udongo, waangalie mizizi. Wataona vifundo vidogo vidogo, kama shanga. Mtoto anayeviona mara ya kwanza husema mmea unaumwa. Lakini Mholanzi mmoja, Martinus Beijerinck, alionyesha mwaka 1888 kwamba ndani ya vifundo hivyo wanakaa bakteria, nao ndio wanaouwezesha mmea kutumia naitrojeni ya hewani, ile mbolea ambayo wengine huinunua kwa gunia.

Sasa lipo jambo ambalo mkulima asiye na hadubini anaweza kulifanya. Pasua kifundo kwa ukucha. Kikiwa chekundu chekundu ndani, kama nyama mbichi, bakteria wamo na wanafanya kazi. Rangi hiyo hutokana na kitu kilicho ndugu wa kile kinachoipa damu yetu wekundu wake. Kikiwa cheupe au kijani, basi kifundo kipo, na huenda wakazi wake wamo, lakini kazi haifanyiki. Huenda bado ni kichanga, au kimezeeka, au waliomo ni wageni wasiopatana na mmea huo. Watoto walipenda sana zoezi hilo. Kuona kifundo ni kujibu swali la kwanza, na kukipasua ni kujibu la pili.

Nije sasa kwenye mkonge, maana huwezi kuizungumzia Korogwe ukauacha. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga, yakaleta manamba kutoka pande zote, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 200,000 za nyuzi kwa mwaka, ikaongoza duniani. Baadaye zikaja nyuzi za plastiki, na mambo yakaharibika. Hayo yameandikwa na wengi.

Lisiloandikwa sana ni habari ya kisichouzwa. Katika uzito wa jani zima la mkonge, nyuzi ni kama sehemu 4 tu katika 100. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Jani hupitishwa kwenye mashine ya kukwangulia, ambayo wafanyakazi wa huku huiita korona (jina hilo lilikuwapo Tanga miaka mingi kabla ya ule ugonjwa wa mwaka 2020), na maji mengi humwagwa ili kuosha nyuzi. Nyuzi hupelekwa kuanikwa. Makapi hurundikwa, na maji machafu yenye rangi ya majani yaliyopondwa hufuata mteremko.

Asubuhi za Juni na Julai, kunapokuwa na baridi hapa chini ya milima ya Usambara, rundo la makapi hutoa mvuke kama ugali uliopakuliwa sasa hivi. Ukichomeka fimbo ndani, ukaichomoa na kuishika, utahisi joto. Hakuna aliyewasha moto. Joto hilo ni jasho la vijidudu, kama mtu anavyopata joto akilima. Vinakula nyama ya jani, na kila alaye hutoa joto.

Maji yale nayo yana wakazi wake. Palikuwapo kijito kimoja, chini ya shamba ambalo halina haja ya kutajwa, ambako wanawake walichota maji na watoto walivua samaki kwa ndoana za pini. Korona ilipofanya kazi mfululizo, maji yaligeuka rangi, yakatoa harufu kama ya mayai yaliyooza, na samaki wakaelea. Watu walisema mkonge una sumu. Utomvu wake ni mkali kweli, mtu ukimpata ngozini huwasha. Lakini sehemu kubwa ya maangamizi hayo huletwa na shibe. Vijidudu vya mtoni vikiletewa chakula kingi kwa ghafla, huongezeka upesi, na katika kula huimaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hufa kwa kukosa pumzi. Oksijeni ikiisha, huingia zamu ya vijidudu vingine, visivyoihitaji, na ndivyo vinavyotoa harufu ile mbaya. Na kijito kama hicho hakiishii hapo kilipo; hutiririka hadi kwenye mto Pangani, ambao sisi wa huku tunauita Ruvu, na wa chini nao wanakunywa.

Ndiyo maana nasema swali la vijidudu si la watu wenye makoti meupe peke yao. Vijidudu vile vile, vikipewa taka hizo mahali pengine na kwa namna nyingine, vyaweza kuzigeuza kuwa gesi ya kupikia. Lakini ni vipi? Na vinafanya nini hasa? Hapo ndipo wataalamu walipokwama kwa muda mrefu, na habari ya kukwama kwao inafundisha.

Gesi yenyewe ilijulikana zamani. Mwaka 1776 Alessandro Volta, Mwitaliano ambaye jina lake tunalitaja kila tunapopima umeme, alikoroga tope la Ziwa Maggiore, akakinga mapovu yaliyopanda, akaona kwamba yanawaka moto. Gesi hiyo ndiyo tunayoiita methani. Lakini ni nani aliyeko topeni anayeitengeneza? Kwa karne moja na zaidi, njia ya kujibu ilikuwa kuvitoa vijidudu vilikokaa, kuvipandikiza kwenye chakula cha maabara, na kuvitenga kimoja kimoja. Njia hiyo ilitupa dawa na chanjo, siibezi. Ila ina kasoro. Ukihesabu vijidudu vya udongo kwa hadubini, kisha ukahesabu vinavyokubali kuota kwenye chakula cha maabara, mara nyingi vinavyoota havifiki hata 1 katika 100. Vilivyobaki havikufa. Havikutaka tu kula kilichoandaliwa.

Mwalimu wa rika langu akisikia hivyo hukumbuka mtihani wa darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno wakati ule. Shule nzima yaweza kupeleka watoto wawili, na mwaka mwingine asipatikane hata mmoja. Waliobaki tuliwaandika kuwa hawakuchaguliwa, basi, kana kwamba hiyo ndiyo habari yao yote. Lakini ni nani aliyejenga nyumba zote hizi za Makuyuni, akatengeneza baiskeli, akazalisha akina mama, akapanda michungwa? Ni wale ambao hawakuota kwenye chakula chetu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni hiki. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Kimarekani, Barker, alieleza habari za bakteria mmoja aliyekula kileo na kutoa methani, naye akapewa jina la kumheshimu Mrusi aitwaye Omelianski. Kwa miaka mingi bakteria huyo alikuwamo vitabuni, ana jina, ana sifa, ana kazi. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Marvin Bryant na wenzake huko Illinois wakatangaza kwamba huyo hakuwa mmoja, bali wawili. Mmoja alikula kileo, akatoa asidi ile ya siki pamoja na haidrojeni. Wa pili alikula haidrojeni hiyo, akatoa methani. Haidrojeni ikijaa, wa kwanza hawezi kuendelea. Wa pili naye bila haidrojeni hana chakula. Kila mmoja aliishi kwa sababu mwenzake aliishi. Kwa miaka yote hiyo daftari lilikuwa na jina moja, na darasani walikaa wanafunzi wawili.

Nilipokisoma kisa hicho nilikiweka kitabu kando, nikakaa kimya. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na huku kila mtu anaijua methali hiyo. Lakini hapa haisemi tu kwamba wengi wana nguvu kuliko mmoja. Inasema kwamba ipo kazi ambayo huwezi kuiona kamwe ukimchunguza mtu peke yake, kwa sababu kazi hiyo haimo ndani yake. Imo kati yake na mwenzake.

Baada ya hapo njia mpya zikaja. Mwaka 1977, katika chuo kikuu kile kile cha Illinois, Carl Woese na George Fox walilinganisha maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za viumbe, wakaona kwamba vijidudu vitoavyo methani si ndugu wa bakteria hata kidogo. Ni ukoo mwingine kabisa, ambao leo unaitwa arkea. Wengine wakaona kwamba maandishi hayo yaweza kutolewa moja kwa moja kwenye tope au maji, bila kuotesha chochote. Hivyo swali la "nani yupo" likapata daftari jipya, na majina yaliyomo yakawa mengi kupita yote yaliyojulikana.

Swali la "anafanya nini" lilihitaji werevu zaidi. Mwaka 2000 Colin Murrell na wenzake huko Warwick, Uingereza, walieleza njia ambayo mtoto wa shule aweza kuielewa. Kuna kaboni ya kawaida, na kuna kaboni nzito kidogo, isiyo na madhara. Andaa chakula chenye kaboni nzito, ukitie udongoni, subiri. Kisha toa vinasaba vyote vilivyomo, uvizungushe kwa kasi kubwa ili vizito vitengane na vyepesi. Ambaye vinasaba vyake vimekuwa vizito, huyo alikula. Asiyekula hata akiwapo, atabaki mwepesi. Ni kama mama anayeulizia aliyedokoa sukari. Hasikilizi maneno, anaangalia midomo.

Hapa kwetu kazi ya namna hii haikuachiwa wageni. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Anthony Mshandete na Amelia Kivaisi, pamoja na wenzao wa Lund, Sweden, walishughulika na makapi ya mkonge. Mwaka 2004 walitoa matokeo kwamba makapi hayo yakichanganywa na taka za samaki hutoa methani nyingi zaidi kuliko yakiwa peke yake. Mkonge una kaboni tele lakini ni maskini wa naitrojeni, na samaki anayo. Mwaka uliofuata wakaonyesha jambo lililonishangaza zaidi. Wataalamu wote hujua kwamba watoao methani huichukia oksijeni. Lakini makapi yakiachwa kwanza yapate hewa kwa saa 9, kisha ndipo yafungiwe, methani huongezeka kwa takriban robo. Sababu ni kwamba katika saa hizo vijidudu vipendavyo hewa huanza kuzivunjavunja zile nyuzinyuzi ngumu, vikawaandalia chakula wale watakaofuata. Ukiwapa hewa saa nyingi kupita kiasi, hao wa kwanza watakula hata cha wenzao. Yaani kila kundi lina zamu yake, na aliyejua kupanga ratiba ya shule ataelewa mara moja.

Katika miaka ya 2000 kikajengwa kiwanda cha majaribio huko Hale, katika wilaya yetu hii ya Korogwe, chini ya kampuni ya Katani na kwa msaada wa UNIDO, cha kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi na gesi kuwa umeme. Waliokuwa na mashaka waliona kwamba taka ile ile iliyokuwa ikiua samaki yaweza kuwasha taa. Vijidudu ni vile vile vya milele. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliuliza vinafanya nini, akavipa mahali pa kufanyia.

Labda msomaji atasema, mzee huyu anatuchosha na maabara za mbali. Basi nieleze jambo la hapa hapa. Choo cha shule moja ya msingi kilikaribia kujaa. Kamati ya shule ilikuwa imechanga fedha za kuchimba kingine, kwa taabu, maana mvua hazikuwa nzuri. Akaja kijana mmoja mwenye pikipiki na mkoba, akiuza pakiti za unga.

"Shikamoo mzee wangu," aliniambia. "Hawa ni bakteria hai. Mkimwaga humu, miezi miwili choo kinashuka. Hakuna haja ya kuchimba."

"Marahaba, mwanangu. Ni bakteria gani?"

Akanionyesha majina yaliyoandikwa nyuma ya pakiti. Yalikuwa majina ya kweli, sikuyatilia shaka.

"Vizuri. Na wakifika humu chooni watafanya nini ambacho waliomo hawafanyi?"

Hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema wenzetu mjini wanatumia.

Kamati ilitaka kununua pakiti za mwaka mzima, kwa fedha zote. Nikawaomba, kwa kuwa bado wananiita Mwalimu, tununue za miezi miwili tu, tena za upande mmoja. Choo kina mashimo mawili, la wasichana na la wavulana, yaliyochimbwa siku moja. Tuliweka unga katika la wavulana, na katika la wasichana tukamwaga maji kwa kipimo kile kile. Mwalimu wa sayansi akafunga mawe kwenye kamba mbili zenye mafundo, na kila Ijumaa mbele ya watoto wa darasa la sita akazishusha na kuhesabu mafundo.

Miezi miwili ilipokwisha, kamba hazikupishana hata fundo moja. Yale yale yalishaonekana Afrika Kusini, ambako unga wa namna hiyo ulijaribiwa kitaalamu usilete tofauti. Sababu si ngumu. Shimo la choo si chumba kitupu kinachongoja wapangaji. Limejaa tayari wenyeji waliozoea hali ya humo, nao ni wengi kupita hao wachache wa pakiti. Mgeni huenda aliingia, akakosa chakula, akafa. Jina lake lilikuwa halali. Kazi hakuwa nayo.

Kamati ikachimba choo kipya, na fedha zilitosha. Wale wa darasa la sita nao walijua kwamba maneno ya mtu mwenye mkoba yanaweza kupimwa, na kwamba kipimo chake ni kamba na jiwe.

Nadhani tutayahitaji maswali haya mawili mara nyingi kuliko zamani. Wauzaji wa mbolea hai wanapita. Viwanda vinakuja, na kila kimoja kinaahidi kwamba maji yake yatasafishwa na vijidudu kabla ya kufika mtoni. Yawezekana kabisa, maana vijidudu vinaweza kazi hiyo. Lakini mwenyekiti wa kijiji asiridhike kuonyeshwa bwawa na kuambiwa vimo. Aulize vinakula nini, vinapata hewa wapi, taka zikiongezeka maradufu itakuwaje, na ni nani atakayepima maji yanayotoka upande wa pili. Aulize hivyo kabla ya kupiga muhuri, kwa sababu samaki wakishaelea hakuna swali litakalowarudisha.

Zile kamba mbili zenye mafundo zingali zimetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya shule. Nimewaomba walimu wasizitupe.